Mazoezi Yasiyofika Jukwaani

Kati ya maswali ambayo picha za video zimeyaongeza juu ya urithi wa kale wa dini na falsafa, lipo moja ambalo wazee wa karne zilizopita hawakuwa na sababu ya kuliuliza, nalo ni hili: walio hai wanapomtazama marehemu akijiandaa kwa kazi ambayo kifo kilimzuia kuifanya, hasa wanatazama nini? Picha ya marehemu aliyekuwa akiimba mbele ya umati haina utata mkubwa, kwa kuwa kitendo kilichomo ndani yake kilitimia, kikashuhudiwa na waliokuwapo, na kanda inayokionyesha ni kumbukumbu ya jambo lililokwisha kuwa. Mazoezi ni jambo la namna nyingine. Mazoezi, yaani ile kazi ya faragha ambayo kwayo wasanii hupima sauti, hatua na taa kabla ya kujitokeza hadharani, yana maana ambayo yote iko mbele, katika siku iliyopangwa, na siku hiyo isipofika hubaki yameelekea mahali pasipokuwapo. Swali hili linastahili kuulizwa Bukoba na Muleba kama linavyostahili kuulizwa London au Los Angeles, na pengine linastahili zaidi, kwa sababu ukanda huu wa magharibi ya Ziwa Victoria una mapokeo ya muda mrefu, ya jadi, ya Kikristo na ya Kiislamu, kuhusu jinsi walio hai wanavyopaswa kukaa na wafu wao.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni This Is It, filamu ya hali halisi, yaani filamu inayotokana na matukio yenyewe na si na mchezo uliotungwa, ambayo iliongozwa na Kenny Ortega na kuanza kuonyeshwa duniani Oktoba 28, 2009. Mwanamuziki Michael Jackson alikuwa ametangaza Machi 5 mwaka huo kwamba angerudi jukwaani katika ukumbi wa O2 jijini London, na maonyesho yakaongezwa hadi kufikia 50, la kwanza likipangwa kufanyika Julai. Mazoezi yalifanyika Los Angeles, mwishoni katika ukumbi wa Staples Center, ambako msanii huyo alifanya kazi usiku wa Juni 24 hadi baada ya saa sita. Juni 25 akafariki kutokana na propofoli, dawa ya kulaza wagonjwa wa upasuaji, na mwaka 2011 mahakama ikamtia hatiani daktari wake kwa kumuua bila kukusudia. Kutoka katika zaidi ya saa 100 za picha zilizochukuliwa wakati wa mazoezi hayo ikapatikana filamu isiyofika saa mbili, ambayo iliingiza zaidi ya dola milioni 250 katika kumbi za sinema. Wala Jackson hakuwa mgeni kabisa kwa wasemaji wa Kiswahili: alifika Tanzania Februari 1992 na kupokewa na Rais Ali Hassan Mwinyi, na wimbo wake Liberian Girl, uliomo katika albamu ya mwaka 1987, unaanza kwa maneno ya Kiswahili yanayotamkwa na Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini.

Kinachoipa filamu hiyo uzito wa kifalsafa ni mambo madogo yaliyomo ndani yake, ambayo mtazamaji aliyezoea video za muziki huenda akayapita bila kuyajali. Mwimbaji anaimba kwa nusu ya nguvu, na mara moja, akiisha kushawishika na shangwe za wenzake hadi akafungua sauti yote, anawalalamikia kwa upole kwamba wasimfanye aimbe hivyo kwa kuwa anatunza koo lake. Anamwomba Michael Bearden, kiongozi wa muziki, asikimbilie kuingia katika sehemu inayofuata, bali aache kimya kifanye kazi yake. Anamhimiza mpiga gitaa Orianthi apandishe sauti ya juu na kuishikilia, kwa kuwa hapo ni mahali pake pa kung'aa. Analalamika kwamba spika ndogo aliyowekewa sikioni inamsumbua, kisha anaongeza haraka kwamba anasema hivyo kwa upendo. Karibu kila kitendo chake ni cha kuweka akiba. Sauti inawekewa akiba, mwili unawekewa akiba, hata hasira inawekewa akiba, na akiba hiyo yote ilikuwa ya Julai. Mtazamaji anajua jambo ambalo anayetazamwa halijui, kwamba hakuna siku itakayokuja kuifungua. Mwandishi Mfaransa Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu picha, alitafakari picha ya kijana aliyesubiri kunyongwa na akaona kwamba picha ya namna hiyo huunganisha nyakati mbili, kifo kitakachokuja na kifo kilichokwisha kupita. Lakini kijana yule alijua hukumu yake, na ujuzi huo ndio usiokuwapo kwa mtu anayefanya mazoezi.

Katika Afrika Mashariki mwanafikra aliyetoa zana bora ya kulichambua jambo hili ni John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya na kasisi wa Kianglikana aliyefundisha Makerere na kufariki mwaka 2019. Katika kitabu chake African Religions and Philosophy, kilichochapishwa 1969, alipendekeza kwamba Waafrika wa jadi huuelewa wakati kwa vipimo viwili, ambavyo alivipa majina ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Sasa, kwa maelezo yake, si nukta moja ya wakati uliopo, bali ni uwanja mpana unaobeba yaliyotokea karibuni, yanayotokea na yaliyo karibu sana kutokea. Zamani ni hazina kubwa ambamo matukio yote huingia yakiisha kupoteza uchangamfu wake. Matukio hayasafiri kuelekea mbele, bali hurudi nyuma, kutoka Sasa kwenda Zamani, na jambo ambalo halijatokea wala haliko karibu kutokea halina nafasi halisi katika wakati. Mbiti alikadiria kwamba wakati ujao unaoweza kufikiriwa kwa uhakika hauzidi miaka miwili hivi.

Mafundisho hayo yalipingwa, na yaliyo mengi katika upinzani huo yana haki. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alionyesha kwamba lugha na desturi za Kiafrika zina namna nyingi za kuufikiria wakati ujao ulio mbali, na hoja yake inathibitishwa na shamba lolote la Kamachumu au Nshamba, wilayani Muleba: mtu anayepanda mbuni, ambao huchukua miaka mitatu au minne kuzaa na kisha huzaa kwa miongo mingi, hakika anawafikiria watoto na wajukuu atakaowaachia kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni lililoizunguka nyumba ya Mhaya, mwenyeji wa ukanda huu. Hata hivyo, kosa la Mbiti kuhusu wakati ujao wa mbali haliharibu alichokisema kuhusu ule wa karibu, na hicho ndicho kinachohitajika hapa. Maonyesho ya London yalikuwa yamebakiza chini ya wiki tatu. Yalikuwa na tarehe, ukumbi, mavazi na tiketi takriban laki saba na nusu zilizokwisha kununuliwa, kwa hiyo, kwa kipimo chochote cha Mbiti, yalikuwa ndani ya Sasa, yakihesabiwa na waliohusika kuwa jambo halisi kama chakula kilichokwisha injikwa jikoni.

Hapo ndipo mfumo wa Mbiti unapokabiliwa na swali ambalo haukuliandalia jibu. Ikiwa kila kilichomo katika Sasa hurudi hatimaye Zamani, je, tukio lililokuwa tayari ndani ya Sasa lakini halikutokea linakwenda wapi? Haliwezi kuingia Zamani, kwa sababu Zamani hupokea yaliyotokea. Wala haliwezi kubaki mbele, kwa sababu tarehe yake imepita. Mazoezi yenyewe yalitokea na yameingia Zamani kihalali, lakini yamekwenda huko yakiwa yamebeba ndani yake jambo ambalo haliwezi kuyafuata. Waandaaji waliwapa wenye tiketi hiari ya kurudishiwa fedha au kupokea tiketi zenyewe kama kumbukumbu, na wapo waliochagua tiketi. Uchaguzi huo, ambao wachumi wangeuona wa ajabu, unaeleweka vyema ukitazamwa kama jaribio la kulipatia mahali pa kukaa tukio lisilokuwa na makao katika wakati. Filamu nayo ni jaribio kubwa zaidi la namna hiyo hiyo. Inajaribu kuyafanya mazoezi yawe ndiyo maonyesho, kwa kuziunganisha siku nyingi za kazi ili wimbo mmoja uonekane kama umeimbwa kwa mfululizo, ingawa mavazi ya mwimbaji hubadilika katikati ya ubeti na kumfichulia mtazamaji makini mahali mshono ulipopita.

Mbiti alikuwa na neno jingine linalohusika, na hili linawahusu moja kwa moja watu wa Kagera, mkoa wenye Bukoba na Muleba. Aliwaita wafu-hai wale marehemu ambao bado wanakumbukwa kwa majina na watu waliowajua. Hao, alisema, wamekufa kimwili lakini bado wamo katika Sasa, na hubaki humo hadi afe mtu wa mwisho aliyewajua, ndipo wanapozama katika Zamani. Wahaya hawakuhitaji kufundishwa jambo hili na kitabu. Desturi ya kuzika katika kibanja, hatua chache kutoka mlangoni, na ile ya kusafirisha maiti kutoka Dar es Salaam, Mwanza au ughaibuni ili ilazwe katika ardhi ya ukoo, zinatokana na imani kwamba mfu ana mahali pake miongoni mwa watu wake na kwamba mahali hapo panadai kuheshimiwa. Kanisa Katoliki lililofika Kashozi mwaka 1892 halikuufuta mtazamo huo. Liliupa lugha ya ushirika wa watakatifu, yaani fundisho kwamba waumini walio duniani, walio toharani na walio mbinguni ni jumuiya moja isiyokatwa na kifo. Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Bukongo aliyekuwa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, alifariki Desemba 1997 na kuzikwa kwanza Kashozi kwa kuwa kanisa kuu la Bukoba lilikuwa katika matengenezo, na mwaka 2012 mabaki yake yakahamishiwa katika kanisa kuu hilo kwa ibada kubwa. Kumhamisha marehemu baada ya karibu miaka 15 ni tendo linalosema wazi kwamba ahadi kwa mfu ni ahadi, na kwamba walio hai wanaweza kuchelewa kuitimiza bila kuruhusiwa kuisahau.

Je, basi, filamu haifanyi kazi ile ile ya kumweka marehemu ndani ya Sasa, na tena kwa nguvu zaidi, kwa kuwa inaonyesha uso na sauti hata kwa watu ambao hawakumjua? Jibu linalofaa ni hapana, na sababu yake iko katika jinsi uhusiano na wafu ulivyoeleweka siku zote katika eneo hili. Mfu-hai si mtu anayekumbukwa tu. Ni mtu anayedai. Anaweza kukasirika akisahauliwa, anaweza kuomba sehemu yake, anaweza kukataa. Katika ibada ya kale ya kubandwa, iliyoenea Buhaya, Ankole, Rwanda na Burundi, mbandwa, yaani mtu aliyewekwa wakfu ili roho izungumze kupitia kwake, alitoa kinywa chake kwa mizimu ya Bachwezi, watawala wa kale wa masimulizi ya eneo hilo, kama Wamara na Mugasha, huyu wa mwisho akiwa mwenye mamlaka juu ya ziwa, na waliohudhuria waliuliza na kujibiwa. Mkristo au Mwislamu wa Bukoba anaweza, kwa sababu za imani yake, kuikataa ibada hiyo yote, na bado akakiri kwamba ilijengwa juu ya maarifa ya kweli kuhusu maana ya kuwapo: anayekuwapo ni yule anayeweza kujibu, na ambaye jibu lake linaweza kumshangaza aliyeuliza. Plato aliwahi kuliweka lawama kama hilo katika kinywa cha Sokrate kuhusu maandishi na picha za kuchorwa, kwamba vinaonekana kama vina uhai lakini ukiviuliza hunyamaza au hurudia neno lile lile. Jackson wa kwenye kioo anatunza koo lake leo kama alivyolitunza juzi, na hata filamu ikirudiwa mara elfu hatamwambia mtazamaji kama alipenda kutazamwa.

Suala hilo la ridhaa ni zito, na linapewa mwanga na mapokeo ya usimulizi wa Wahaya wenyewe. Peter Seitel, mtafiti wa fasihi simulizi kutoka Marekani ambaye mkusanyiko wake wa hadithi za Wahaya ulichapishwa 1980, alinakili mwanzo wa kimila wa kutamba hadithi: fanani, yaani msimulizi, husema kwamba alifika na kuona, na hadhira humwitikia kwa kumtaka aone ili nao waone. Ufunguzi huo una nadharia kamili ya utazamaji. Hadhira haioni yenyewe. Inaona kupitia kwa mtu aliyepewa dhamana ya kuona kwa niaba yake, naye anaona kwa sababu ameombwa, katika chumba ambamo wote wanajuana na anayepotosha anaweza kusahihishwa. Usimulizi wa filamu katika vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video zenye mabenchi na televisheni moja, ulirithi kitu kutoka katika adabu hiyo kila mara msimulizi wa Kiswahili alipokaa kati ya picha na watazamaji, akiwafafanulia, akitahadharisha, na wakati mwingine akimtetea mhusika. Filamu ya mazoezi inayotazamwa na mtu mmoja kwenye simu haina mtu wa kati wa namna hiyo, na picha zake, kama filamu yenyewe inavyoeleza, zilichukuliwa kwa ajili ya maktaba binafsi ya msanii na kwa matumizi ya onyesho. Aliyeridhia kurekodiwa aliridhia kuonwa na wenzake wa kazi na yeye mwenyewe, si na mamilioni.

Ulinganisho na Zanzibar unasaidia hapa. Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu na unyago aliyefariki Aprili 17, 2013, alikuwa somo la filamu ya hali halisi ya Andy Jones, As Old as My Tongue, iliyotoka mwaka 2006, na kwa miaka karibu saba baada ya hapo aliendelea kuishi, kuimba na kusema alichotaka kuhusu maisha yake, akiwa na uwezo wote wa kuipinga picha aliyochorwa. Filamu hiyo sasa ni ya marehemu, lakini ilizaliwa ikiwa ya mtu aliye hai, na tofauti hiyo haiondolewi na kifo kilichofuata. This Is It ilizaliwa yatima. Hakuna aliyekuwa na haki kamili ya kusema kwa niaba ya mtu aliyejulikana kwa kukataa kutoa kazi ambayo hakuiona kuwa kamili, na kwa sababu hiyo wale mashabiki waliofanya kampeni dhidi ya filamu hiyo mwaka 2009, wakidai kwamba ilificha hali mbaya ya afya yake kwa kuchagua picha nzuri tu, walikuwa wamegusa jambo la haki, hata kama si kila walichodai kinaweza kukubaliwa. Filamu haisemi jinsi alivyokufa. Inaishia ndani ya matumaini, na matumaini hayo yamekatwa na kushonwa na watu waliokwisha kujua kwamba ni bure.

Hata hivyo, kuna upande wa pili, ambao mapokeo ya dini za Kagera yanauona kwa kina kuliko wahakiki wa filamu. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadre Weupe, aliweka sharti kwamba mtu anayetaka ubatizo apitie maandalizi ya miaka minne. Katika muda huo aliitwa mkatekumeni, yaani mwanafunzi wa imani asiyebatizwa bado, naye alijifunza sala, akabadilisha mwenendo, akazoea kuishi maisha ambayo hakuwa na haki nayo bado. Miaka minne katika nchi ya ndui, tauni na vita ilikuwa mirefu, na swali la mkatekumeni aliyekufa kabla ya siku yake halikuwa swali la vitabuni. Kanisa lilijibu kwa fundisho la ubatizo wa tamaa, linalosema kwamba aliyekusudia kwa moyo kubatizwa, akakatizwa na kifo, hahesabiwi kuwa nje. Kaskazini ya mto Kagera fundisho lililo karibu na hilo lina jina na uso: miongoni mwa wafiadini 22 Wakatoliki wa Uganda, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964, Mukasa Kiriwawanvu alikufa Juni 1886 bila kumwagiwa maji, akiwa bado katika mafunzo, na Kanisa likaihesabu damu yake kuwa ubatizo. Mtu aliyekuwa bado anajiandaa amewekwa katika orodha moja na wale waliokwisha kuandaliwa.

Uislamu, wenye wafuasi wa siku nyingi katika mji wa Bukoba na kandokando ya ziwa, unafika mahali panapofanana kwa njia ya nia, yaani kusudio la moyo ambalo bila hilo tendo la ibada halihesabiwi. Katika mikusanyiko ya hadithi za Mtume ya Bukhari na Muslim imo hadithi isemayo kwamba anayekusudia jema kisha asilitende huandikiwa jema moja kamili. Wanazuoni wengi hawataona tamasha la muziki kuwa miongoni mwa mema yanayokusudiwa hapo, na wapo waumini wanaowasihi ndugu wa mwimbaji aliyefariki wasiendelee kuzipiga nyimbo zake, wakihofia kwamba zinamwongezea mzigo. Msimamo huo unastahili kuheshimiwa na mtu yeyote anayechukulia kwa uzito kwamba matendo yana matokeo baada ya kifo. Lakini kanuni yenyewe ni pana kuliko mfano wowote. Dini zote mbili zinakubaliana kwamba maandalizi yaliyokatizwa si nusu ya tendo. Mbele ya Mungu yanaweza kuwa tendo zima.

Mkazo uwe hapo, katika maneno mbele ya Mungu, kwa kuwa ndiyo yanayomtenganisha mtazamaji wa filamu na hakimu wa nia. Nia haionekani. Mungu anaihesabu kwa sababu anaiona. Mtazamaji anaona mkono ulioinuliwa, koo lililotunzwa, tabasamu la uchovu, na kutoka katika hayo anakisia, mara nyingi akijisifia kwamba amemjua msanii kama alivyokuwa kweli, bila pambo. Dhana kwamba faragha ya mtu ina ukweli zaidi kuliko kazi aliyoikamilisha ni dhana ya zama hizi, na haina msingi imara. Msanii anayeficha mazoezi yake hafichi uongo. Anaheshimu mpaka kati ya yale ambayo yuko tayari kuyajibia na yale ambayo bado anayajaribu. Anayeuvuka mpaka huo baada ya kifo anachukua nafasi ambayo dini hizo mbili zimemwachia Mwenyezi Mungu peke yake, bila kuwa na macho yanayostahili nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo, kauli iliyosikika sana mwaka 2009, kwamba maonyesho yale yangekuwa makubwa kuliko yote, ilikuwa kauli isiyo na mwenyewe: haikuwa ushahidi, kwa kuwa hapakuwa na tukio la kushuhudiwa, wala haikuwa imani, kwa kuwa haikumdai aliyeitamka chochote.

Basi kipo kitu gani katika filamu hiyo ambacho kinaweza kutazamwa kwa haki? Jibu halipatikani kwa kumkodolea macho marehemu, bali kwa kuwatazama wale aliokuwa akisema nao. This Is It haianzi na nyota wake. Inaanza na wanenguaji vijana waliotoka nchi mbalimbali, wakieleza kwa machozi jinsi walivyotafuta kitu cha kuyapa maisha yao maana na wakakipata katika mwito wa kazi ile, na wote walikuwa hai filamu ilipotoka. Maneno mengi ya marehemu ndani ya filamu yameelekezwa kwao na kwa wapiga vyombo: subiri, shikilia hapo, usiingie mpaka nikupe ishara, acha muziki uive. Hayo si maungamo wala si maonyesho. Ni maelekezo, na maelekezo yana sifa ya pekee ambayo picha haina, kwamba yanaweza kutiiwa baada ya mtoaji wake kuondoka. Mpiga gitaa aliyehimizwa kuishikilia sauti ya juu aliendelea na kazi yake kwa miaka mingi katika majukwaa mengine, na neno aliloambiwa katika ukumbi usio na watu lilikuwa na mahali pa kwenda. Mapokeo ya Kiislamu yanaitaja elimu yenye manufaa kuwa mojawapo ya mambo matatu yasiyokatika mtu anapokufa, pamoja na sadaka yenye kuendelea na mtoto mwema anayemwombea mzazi wake. Na wosia wa Mhaya juu ya kibanja, ambao husemwa mbele ya mashahidi wa ukoo, umejengwa juu ya fahamu ile ile kwamba sauti ya anayeondoka huendelea kuwa na nguvu pale tu ilipokabidhiwa kwa mtu aliyepo.

Bukoba ina mfano wake wa karibu, ingawa si wa mwimbaji. Ruge Mutahaba, mkurugenzi katika Clouds Media Group aliyefariki Afrika Kusini Februari 26, 2019 na kuzikwa Bukoba mapema mwezi uliofuata, alianzisha mwaka 2005 Tanzania House of Talent, nyumba ya vipaji iliyojulikana kwa kifupi kama THT, ambamo vijana walifundishwa kuimba, kucheza na kujimudu jukwaani kabla ya kutambulishwa kwa umma. Kazi yake kubwa ilikuwa ya mazoezi, tena mazoezi ya watu wengine, na katika maombolezo yake wasanii waliokwisha kuwa maarufu walisimama kueleza walichorekebishwa, walichokatazwa na walichoambiwa wakirudie. Ushuhuda huo ulikuwa na kile ambacho hakuna picha ya marehemu inayoweza kukitoa chenyewe, yaani watu waliobeba maelekezo katika koo na miguu yao wenyewe, wanaoweza kuulizwa, wanaoweza kukosea, na wanaoweza kuwapa wengine.

Kwa kipimo hicho swali lililoachwa wazi na Mbiti linaweza kupewa jibu la kiasi. Onyesho la Julai 2009 halikuingia Zamani na halitaingia, na filamu haikulifikisha huko hata kwa ustadi wote wa mhariri wake. Sehemu yake pekee iliyopata makao ni ile iliyokwisha kugawanywa hadi usiku wa Juni 24 kwa watu walioishi, ambao Sasa yao iliendelea asubuhi iliyofuata. Iliyobaki, yaani sauti iliyotunzwa kwa ajili ya London, ilikuwa mali ya mtu mmoja, naye alikwenda nayo. Parokia za Bukoba na Muleba zinapowaombea marehemu kila Novemba 2, waumini huandika majina ya wafu wao na kuyapeleka altareni bila picha wala sauti, na bila kudai kujua wahusika walikuwa wamefika wapi katika kujiandaa kwao. Mtazamaji Mkristo wa filamu ile ana uhuru wa kuliongeza jina la Michael Jackson katika orodha yake, na kuyaacha mazoezi yabaki mazoezi.